Matundu Manne ya Roketi ya Bibi Lorraine

Siku ya kwanza nilipoingia karakana ya Mesquite, Texas, tulikuwa watu watano, na wote nitawataja, maana asiyetajwa hulalamika. Alikuwepo Bwana Randall, mwenye karakana, ambaye tulimwita Patron. Alikuwepo mkewe, Bibi Joyce, aliyepokea simu za wateja. Alikuwepo Mama Furaha wa Uvira, mke wa binamu ya marehemu mume wangu, ndiye aliyeniombea kazi. Alikuwepo binti yangu Riziki, aliyenileta kwa gari lake na kusimama kama mkalimani, huku akitazama saa kwa sababu zamu yake ya kutunza wazee ilikuwa karibu kuanza. Wa tano ni mimi, Mama Riziki, mwanamke wa darasa la tatu, niliyejifunza kushona kambini Tanzania kwa cherehani ya miguu.

Mama Furaha alikuwa ameniambia neno moja tu, kwamba ni kazi ya nailoni. Nikadhani ni makoti. Patron akaweka mezani bomba refu kunipita mimi, lenye pua iliyochongoka mbele na mabawa matatu nyuma. Nikarudi nyuma mpaka mlangoni. Nilitoka Kivu nikikimbia vitu vya umbo lile.

Nikamwuliza Riziki, "Hawa ni watu wa vita?"

Riziki akauliza. Patron akacheka mpaka Bibi Joyce akaja kuangalia kuna nini. "Mwambie mama yako hatumpigi mtu. Tunarusha juu, inarudi chini, tunaenda nyumbani kula."

"Sasa faida yake ni nini?"

"Faida ni irudi bila kuvunjika. Na hapo ndipo ninapomhitaji yeye."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Ninyi vijana mnaoniuliza nilifanya nini miaka yote hii Texas, jibu ndilo hilo: nilishona miavuli ya roketi, ile mnayoiita parachuti, na nikaikunja. Watu wazima wenye kazi zao na watoto wao hujenga roketi kubwa kwa mapenzi tu, na kwenda kuzirusha Jumamosi kwenye mashamba mapana nje ya mji. Chama chao hutoa vyeti kwa ngazi. Ukitaka cheti, roketi yako ipande, mwavuli ufunguke, nayo ishuke nzima. Ikishuka imevunjika, cheti hakuna.

Kushona nilikujua. Kukunja ilinibidi nijifunze upya. Mwavuli unakatwa vipande kama vya chungwa, unashonwa mshono wa kulaza, kisha unakunjwa mara mbili, mara nne, unaviringishwa, na kamba zake zinalazwa ndani bila kupishana. Tulinyunyiza poda ya watoto ili nailoni isigandane. Halafu tuliufunga ndani ya kipande cha kitambaa kigumu kisichoshika moto, kama kile cha nguo za wazima moto. Nilipouliza moto unatoka wapi huko juu angani, Patron akanieleza, na maelezo yake ndiyo yaliyonikaa kichwani kuliko yote niliyoambiwa baadaye. Labda ndiyo maana nilikosea.

Alisema injini ya roketi ina sehemu tatu. Ya kwanza inasukuma, sekunde mbili hivi, kwa kishindo. Ya pili ni kama utambi. Haisukumi, inaungua polepole huku roketi ikiendelea kupanda kwa mwendo wake. Utambi ukiisha, unawasha ya tatu, baruti kidogo tu, nayo inalipuka kwenda mbele ndani ya bomba. Moshi ule unasukuma mwavuli, mwavuli unasukuma pua, pua inatoka. Pale karakana tulisema injini imetema. Kazi ya mwenye roketi ni kuchagua sekunde za utambi. Akitaka kuzipunguza, anautoboa kidogo kwa kifaa maalumu. Zikiwa chache, injini inatema roketi bado inakimbia. Zikiwa nyingi, inatema ikiwa tayari inaanguka.

"Na bomba," Patron aliniambia, akigonga meza kwa kidole kila neno, "lisiwe na tundu. Moshi ukipata tundu unapita hapo, pua inabaki mahali pake. Ukiona tundu, lizibe."

Nikaliweka hilo moyoni. Miaka minne niliyokaa Mesquite nilikagua kila bomba kwa ncha ya kidole kabla ya kuingiza mwavuli. Nilipoona tundu nilijaza gundi nzito, nikasugua kwa msasa, nikapaka rangi ileile mpaka mwenyewe asione. Patron aliniita daktari wa ngozi.

Kosa la sekunde nililiona kwa macho yangu, kwa mteja wetu mmoja Mkenya, Bwana Mutiso, aliyefanya kazi ofisini Plano. Alikuja na simu mkononi.

"Mama, leo hii delay ya utambi nime-calculate na app. Ni perfect. Wewe nikunjie tu vizuri."

"Umemwuliza Patron?"

"Patron ni wa zamani, Mama."

Patron alimsikia. Akasema tu kwamba programu ile haijui jua la leo, linalofanya utambi uungue haraka. Nikakunja. Roketi ya Bwana Mutiso ilipanda vizuri, ikatema mapema, ikiwa bado na mwendo mkali. Kamba ya mwavuli ikalichana lile bomba kwa urefu, kama mtu anavyofungua zipu. Mwavuli wangu haukuchanika hata uzi mmoja. Bwana Mutiso aliokota vipande akaniambia, "Aki Mama, kitambaa yako ni ngumu kuliko roketi yangu." Kisha akamgeukia Patron. "Wazee wa Houston wanatumia kompyuta. Huko hakuna mambo ya kubahatisha."

"Huko Houston," Patron akasema, "wanabahatisha kwa betri."

Hapo ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa, na sijaacha mpaka leo.

Riziki alipata kazi nzuri zaidi upande wa Houston, tukahamia Stafford. Ndani ya mwezi mmoja nikapata karakana nyingine, ya Bibi Lorraine, mwanamke mrefu, mjane, ambaye kila mtu alimwita Fundi Mkuu. Mimi niliwekwa chumba cha nyuma na cherehani mbili. Chumba cha mbele alikaa Mama Esperance wa Goma. Yeye kazi yake ilikuwa kulehemu, yaani kuunganisha nyaya kwa risasi ya kuyeyusha, na alikuwa na mikono isiyotetemeka. Kiingereza alikijua vizuri, kwa hiyo Bibi Lorraine alipotaka kusema nami jambo refu alimwita Esperance, na mimi nilipotaka kusema na Bibi Lorraine nilifanya vilevile. Kwa miezi ya kwanza maneno yangu yote pale yalipita kinywani mwa Esperance.

Bibi Lorraine hakutaka kusikia habari za injini kutema. Yeye alikuwa mtu wa altimita, kompyuta ndogo kama kiberiti inayofungwa katikati ya roketi. Aliniambia kwamba inajua roketi imefika kileleni, na papo hapo inawasha baruti yake yenyewe kwa umeme, mwavuli mdogo unatoka. Roketi inashuka haraka lakini si kama jiwe. Ikikaribia chini, altimita inawasha baruti ya pili, mwavuli mkubwa unatoka. Hivyo upepo haupati muda wa kuipeleka kwa ng'ombe wa watu. Nilikubali kwamba ni akili nyingi. Ila inajuaje imefika kileleni? Sikuuliza. Nilidhani kompyuta inajua tu, kama simu inavyojua njia ya kanisani.

Bibi Lorraine alikuwa anatafuta cheti cha ngazi ya pili. Alikuwa ameshindwa mara moja kabla sijaja, na wanaume wa chama chake walimtania kwamba anauza miavuli lakini hajui kuifungua. Safari hii alijenga roketi ya bluu, nzuri sana, akaniletea chumba cha nyuma siku moja kabla ya kurusha ili niingize miavuli yote miwili. Ilikuwa mara yangu ya kwanza pale kushika bomba lenyewe. Kabla ya hapo nilipewa vitambaa tu.

Nikapitisha ncha ya kidole kama kawaida yangu. Katikati, pale penye mkanda, pete fupi ya bomba inayofunika altimita, nikakuta matundu manne, madogo kama punje za mtama. Nikasikitika. Nikasema moyoni, fundi aliyetoboa hapa alikosea mara nne, na mama wa watu atapata aibu. Nikajaza gundi. Nikasugua. Nikapaka rangi ya bluu. Sikumwambia mtu. Kwangu mimi wema wa kazi ni usionekane.

Jumamosi tulikwenda shambani wote watatu. Roketi iliondoka vizuri, ikawa nukta, ikapotea. Tukangoja mlipuko mdogo. Hakuna. Esperance akanishika mkono. Bibi Lorraine akasema kitu kwa sauti ndogo, na Esperance akanitafsiria bila kuombwa: "Anasema hakuweka baruti ya kutema kwenye injini. Aliitoa. Ameitegemea kompyuta peke yake."

Ilirudi pua mbele. Niliisikia kabla sijaiona. Ikaingia kwenye udongo mweusi wa shamba la pamba, na kilichobaki juu ni mabawa na kiasi cha mkono mmoja wa bomba.

Jumatatu Bibi Lorraine alitandaza mabaki juu ya meza ya mbele. Altimita ilikuwa imepasuka, na waya mmoja ulikuwa umeachana na risasi yake. Akauonyesha. Esperance akasema kwa Kiswahili, kana kwamba mimi ndiye hakimu, "Mama Riziki, waya hii imekatika wakati ya kuanguka. Miye sikukosa hapana. Niliivuta mara tatu kabla."

"Mwambie yeye," nikasema.

"Nimemwambia. Hasikii."

Bibi Lorraine hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Alisema wateja wanaweka roketi zao mikononi mwa yule anayelehemu, na kwamba atafikiri mpaka mwisho wa wiki. Esperance alikuwa na mume mwenye maumivu ya mgongo aliyeachishwa kazi ghalani, na kazi ile ndiyo iliyowashikilia. Jioni alinirudisha nyumbani kwa gari lake kama kawaida. Mimi nilimhurumia. Nilimhurumia tu! Nilifikiri ni bahati mbaya yake.

Jumatano niliingia chumba cha mbele kuomba mkasi. Nikamkuta Esperance ameshika roketi ya mteja, mpya kabisa, anaitoboa.

"We mama! Unaharibu bomba la watu!"

Akacheka, mara yake ya kwanza wiki ile. "Sasa kompyuta itapumua wapi?"

"Kompyuta inapumua?"

"Mama Riziki, weye umekaa hapa miezi yote hii, haujui? Ile kitu inapima hewa. Huku chini hewa ni nzito, huko juu ni nyepesi. Roketi inapanda, hewa ya ndani inatoka kwa matundu, kompyuta inaona hewa inapungua, inasema tunapanda. Hewa ikianza kurudi, inasema bon, tumefika, tunashuka. Inatupa mwavuli. Bila matundu inafikiri bado imekaa kwa meza."

Nikasahau mkasi. Nikarudi nyuma, nikakaa mbele ya cherehani, nikashona mshono mrefu ambao baadaye nililazimika kuufumua wote. Kwa Patron, kuziba ndiyo usalama. Kwa Bibi Lorraine, kuziba ndiyo kifo. Kitu kilekile, kidole kilekile. Nilikuwa na miaka sitini na kitu, na nilijisikia kama mtoto aliyepewa amri mbili na wazazi wawili, akatii ya yule asiyekuwepo.

Mlangoni kulikuwa na sanduku la mabaki. Wote walipotoka kula nilipekua nikaupata ule mkanda wa katikati. Ulikuwa na ufa, lakini rangi ya bluu ilikuwa safi. Nikautia katika mfuko wa plastiki, nikauweka chini ya vitambaa vyangu. Alhamisi uliendelea kukaa pale. Kwa nini? Nimejiuliza sana. Nilisema, kama mimi nikifukuzwa Riziki atanilisha. Kisha nilisema, ila Riziki ana watoto watatu. Kisha nilisema, labda Fundi Mkuu atasamehe mwenyewe. Nilikuwa nasema mengi, yote kimoyomoyo.

Ijumaa asubuhi niliuchukua mfuko nikaenda mbele. Bibi Lorraine alikuwa amesimama kwenye meza ya Esperance, wanaongea Kiingereza kwa sauti ya chini. Niliambulia neno moja tu: Jumatatu.

Nikasema, "Esperance, nitafsirie."

"Ngoja kwanza, Mama."

"Singoji. Mwambie matundu niliziba mimi."

"Matundu gani?"

"Ya roketi yake. Nilidhani ni makosa ya fundi. Nikajaza gundi, nikapaka rangi." Nikautoa mkanda mfukoni.

Esperance hakutafsiri. Alinitazama. "Ulijua lini?"

"Hilo usimtafsirie."

"Yeye hajauliza. Ninauliza miye."

"Juzi."

"Juzi!" Akaweka viganja vyake viwili juu ya meza. "Juzi ulikula ugali yangu."

Kweli, jioni ile nilikula kwake. Basi akamgeukia Bibi Lorraine, akaanza kusema, na alisema muda mrefu, mrefu kuliko maneno yangu yote. Hata leo sijui aliongeza nini, kama alinipunguzia au alinizidishia. Bibi Lorraine akauchukua mkanda, akakwangua kwa ukucha mpaka gundi nyeupe ikaonekana. Matundu yote manne. Akauliza kitu.

"Anauliza nani alikufundisha kupaka rangi vizuri hivi," Esperance akasema, bila kucheka.

"Mwambie Bwana Randall wa Mesquite."

"Anasema mwambie huyo Bwana Randall..." Akaishia hapo. "Hii sitaitafsiri, weye ni mtu wa kanisa."

Halafu Bibi Lorraine akaketi. Akafungua droo, akatoa karatasi ya ukaguzi aliyoijaza mwenyewe shambani kabla ya kurusha. Kulikuwa na mstari wa matundu, na mbele yake alama yake kwa kalamu. Kumbe alikuwa ameweka alama bila kuinama kutazama. Akaikunja karatasi ile, kisha akamwambia Esperance maneno machache, hayakufika matano. Esperance hakunitafsiria. Alivuta kiti chake, akachomeka kile chuma chake cha kulehemu kwenye umeme, akangoja kipate moto. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba amebaki. Mimi pia nilibaki, ila sikupewa tena gundi.

Roketi ya pili tuliijenga pamoja, na siku hiyo Bibi Lorraine aliniuliza mimi, mbele ya Esperance, nichague: injini au altimita. Nadhani alikuwa ananipima. Nilisema sijui. Esperance ndiye aliyejibu, kwanza kwa Kiswahili: "Weka zote mbili. Kompyuta itangulie, injini iwekewe sekunde mbili nyuma yake. Ikae kama mama mkwe, inangoja mwenzake akosee." Bibi Lorraine alipotafsiriwa akakubali.

Kule juu tulisikia milipuko miwili, mmoja halafu mwingine, na mwavuli mdogo ukaonekana, kisha, chini zaidi, mkubwa, wangu, wa rangi ya chungwa. Cheti kilipatikana. Bibi Lorraine husema ni kompyuta iliyofungua, kwa sababu imeandika yenyewe. Nilipompigia Patron kupitia Riziki, alisema kompyuta haiwezi kuandika kwamba imeshindwa. Mimi nilikuwa chini nikitazama, na sijui ni mlipuko upi uliofungua.

Sasa nimestaafu. Macho hayaoni tena tundu la sindano, na vijana wanaojenga roketi zao shuleni huniita Koko, yaani bibi, na kuniuliza kanisani, "Koko, which one is better?" Nawajibu hivi. Ya injini ni nyepesi, haina betri, inamfaa anayeanza na asiyepanda sana, lakini lazima ujue sekunde zako. Ya altimita inajua kilele kuliko wewe, lakini lazima ijengewe vizuri na iachiwe hewa. Na mkifanya kazi chini ya fundi mpya, muulizeni upya hata yale mnayoyajua. Mimi nilijua sana, sikuuliza.

Lakini liko jambo moja linalonisumbua, na ndilo lililonifanya niandike. Mimi nakumbuka kwamba Ijumaa ile nilisema kabla Esperance hajaambiwa aondoke. Nakumbuka vyombo vyake vya kulehemu viko mezani. Esperance, ambaye bado ni rafiki yangu na Jumapili hukaa nami kiti kimoja, anasema hapana. Anasema alikuwa ameshaambiwa saa moja nzima kabla, na kwamba vyombo vilikuwa ndani ya begi lake jekundu, begi liko wazi juu ya meza, na mimi nilipita kando yake mara mbili kwenda na kurudi kabla ya kufungua mdomo. Kama ni hivyo, basi niliona, nikaelewa, nikapita. Nami naweza kuwatajia majina ya wote waliowahi kukaa karakana zile mbili, lakini begi lile silioni, hata nikifumba macho.

Bibi Lorraine, ukisomewa haya, na ninyi mliopita pale asubuhi ile kuchukua oda zenu, mnisaidie kumbukumbu. Nilipokosea jina, nirekebisheni. Nilipokosea sekunde, nirekebisheni. Na kama lile begi lilikuwa mezani, niambieni hivyohivyo, msinionee huruma kwa sababu ya uzee.